Rosa na Aïssatou



Wenzetu wengine wanasema kitabu «Rosa Mistika» hakifai mikononi mwa mtoto mwanamke. Maneno hayo si mapya. Euphrase Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, na kule Tanzania kilikatazwa mashuleni. Mimi nilikisoma na ninakataa. Mtu anayekifunga kwa sababu ya uasherati wa Rosa hakuona mwanzo wa mambo: Zakaria, baba mlevi, anampiga binti yake vikali kwa ajili ya barua moja ya kijana. Rosa alitoka kwao Ukerewe akibeba hofu, hakubeba shauri. Alipofika mbali na fimbo ya baba, hakujua kujilinda. Akatoa mimba, mwisho akajiua. Hakuitwa mama hata siku moja.

Kitabu cha pili kiko kwa Kifaransa: «Une si longue lettre», cha Mariama Bâ wa Senegal (1979). Mama Ramatoulaye ana watoto 12. Bwana wake alioa rafiki ya binti yao mkubwa, akahama nyumba, halafu akafa. Kidonda hicho hakijapona, na tazama, binti mwingine, Aïssatou, angali mwanafunzi, ana mimba. Mimi niliposoma pale nilingojea fimbo. Nilifikiri ninajua kelele itakayofuata, maana hapa Moba tunaisikia jioni toka nyumba za jirani. Lakini mama, pamoja na uchungu wake wote, anamkumbatia mtoto. Hakusifu kosa. Alikataa tu kumpoteza binti.

Dada mmoja niliyekaa naye benchi moja (jina hapana) alifukuzwa kwao usiku, na tumbo lake. Baba alifunga mlango, mama akalia ndani. Leo mtoto wake anatembea, na yeye anauza ndagala kando ya ziwa. Kijana aliyemtia mimba alifanya mitihani yake kama kawaida, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Watasema romani ni hadithi za kutunga. Ndiyo, za kutunga. Lakini nilipomwazima dada huyo kitabu cha Mariama Bâ, alikaa nacho juma mbili, akasema pale pa kukumbatiwa alipasoma mara nyingi.

Kwa hiyo ninaomba walimu wa Kifaransa wasome sehemu ile katika klasi, wavulana wakiwamo, si wasichana peke yao. Na wazazi wakija siku ya matokeo, wasomewe kwa Kiswahili. Kutafsiri nitasaidia mimi.

Mwanafunzi wa kike, klasi ya tano