Risasi Iliyojificha Mifupani

Wengi wetu tunakula kwa jasho la mume anayefanya kazi katika kiwanda cha betri, karakana ya rangi au mahali pa kuyeyushia vyuma. Mwezi huu tuzungumze juu ya madini ya risasi, kwani hayaishii langoni mwa kiwanda.

Kipimo cha kawaida ni cha damu. Ni kizuri, lakini huonyesha zaidi yale yaliyoingia mwilini majuma machache yaliyopita. Risasi ya damuni hupungua kwa nusu katika muda wa mwezi mmoja hivi: nyingine hutoka na mkojo, nyingine huhamia mifupani na kukaa huko miaka mingi. Zaidi ya asilimia 90 ya risasi ya mtu mzima imo mifupani. Basi baba aliyeacha kiwanda zamani asiseme, “Damu yangu ni safi, yamekwisha.”

Wataalamu huipima akiba hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni miali inayoelekezwa kwenye muundi wa mguu au pia ya goti. Haiumi, ila mashine zake ni chache. Ya pili ni kujumlisha majibu yote ya damu ya miaka ya kazi. Kwa hiyo tuitunze kila karatasi ya majibu pamoja na tarehe yake, kama tunavyotunza kadi za kliniki.

Nasi je? Wakati wa mimba na kunyonyesha, mifupa ya mama hutoa chokaa kwa ajili ya mtoto, na risasi iliyomo hutoka nayo. Kule Owino Uhuru, Mombasa, Phyllis Omido alifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwanawe mchanga akagunduliwa kuwa na sumu ya risasi. Alipigania haki ya majirani hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Basi baba aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Dagaa, maziwa na mboga za majani visikosekane mezani. Na mama aliyefanya kazi hizo amweleze mkunga mapema, wala asimwachishe mtoto ziwa kabla ya kupimwa na kushauriwa.