Tetemeko likipita, mbona ardhi huchelewa kutulia?

Usiku wa Agosti 12, 2020, yapata saa mbili na robo, tetemeko la ukubwa wa takribani 6 lilitokea chini ya Bahari ya Hindi, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Lilisikika Dar es Salaam na Zanzibar, na hata Mombasa na Nairobi.

Swali linalojirudia kila mara ni hili: kama mwamba hukatika kwa sekunde chache tu, kwa nini mtikisiko huchukua muda kuisha? Je, ni dalili kwamba jingine kubwa linakuja?

Mkia huo wa mtikisiko si dalili hiyo. Aliyewahi kuingia Mapango ya Amboni ataelewa upesi. Piga kofi moja mle ndani, sauti itagonga kuta na kukurudia. Kofi ni moja, mwangwi ni mwingi. Chini ya ardhi nako mawimbi ya tetemeko hugonga nyufa na miamba ya aina tofauti, yakatawanyika kila upande. Yaliyozunguka njia ndefu hufika yamechelewa na yamechoka.

Sasa piga kofi hilohilo katika ghala lililojaa robota za mkonge. Sauti humezwa. Ardhi nayo humeza nguvu za mawimbi, ila si kwa kiasi kimoja kila mahali. Mwamba wa kale, mgumu na uliopoa, humeza kidogo, hivyo mtikisiko husafiri mbali. Mwamba wenye joto na uliovunjikavunjika, kama wa Bonde la Ufa, humeza zaidi.

Mwaka 1969 mwanasayansi wa Japani, Keiiti Aki, alionyesha kwamba mkia huo una habari ndani yake. Kasi ya kufifia kwake huwaeleza wataalamu jinsi ardhi inavyotawanya na kumeza mawimbi. Kwetu Tanzania, mwaka 1994 na 1995 viliwekwa vituo vya muda vya kupima matetemeko, kimoja kikiwa Hale, wilayani Korogwe.

Haya yanatuhusu nini? Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua zaidi ya watu 15 mkoani Kagera na kubomoa nyumba nyingi. Ukubwa wake unakaribiana na lile la baharini la 2020, lakini madhara yalikuwa tofauti kabisa. Namba ya ukubwa peke yake haitoshi. Umbali, aina ya ardhi na uimara wa nyumba ndivyo huamua.

Mkoani Tanga, milima ya Usambara ni mwamba wa kale, lakini kwenye midomo ya mito, kama Pangani, kuna mchanga na tope. Udongo laini hukuza mtikisiko na kuurefusha. Ndiyo maana vipimo vya hapa kwetu vina thamani: hesabu za ardhi ya Japani haziwezi kumwongoza fundi wa Pangani.

Ardhi ikitikisika, kaa mbali na kuta na madirisha, subiri itulie kabisa, kisha toka nje. Matetemeko madogo yanaweza kufuata, hivyo usirudi kwenye nyumba yenye nyufa. Na kama uko ufukweni na mtikisiko ni mkali kiasi cha kushindwa kusimama, au umedumu muda mrefu, panda mahali pa juu bila kungoja tangazo, hata letu.