MSUMARI SI FYUZI



Wenzetu wa kiwanda kimoja kidogo cha bia hapa Isebania wametuletea lalamiko, nasi tumeona lawahusu wote wafanyao kazi penye maji na umeme. Hita mbili za kuchemshia maji zimechomekwa katika ekstensheni moja. Fyuzi ilikuwa ikikatika kila siku, na mwishowe ikatolewa, ukatiwa msumari mahali pake. Tangu siku ile kazi haisimami, na mwenye kiwanda amefurahi. Lakini plagi imeungua ikawa nyeusi, na mwenzetu mmoja alipigwa na umeme aliposhika pipa la kuchemshia huku amesimama kwenye maji. Alitupwa nyuma akapona. Je, tungoje mazishi ndipo tuseme?

Viwanda vikubwa vya bia huchemsha kwa mvuke wa boila. Viwanda vidogo hutumia hita za umeme, na hita ni mzigo mzito kuliko taa mia. Hebu tufanye hesabu, maana hesabu haina tajiri wala maskini. Hita moja ya wati 3,000 katika umeme wetu wa volti 240 hula ampea 12 na nusu. Plagi ya kawaida mwisho wake ni ampea 13. Basi hita moja peke yake yakaribia kuimaliza plagi nzima, na hita mbili zataka ampea 25. Tena si kwa dakika tano. Kuchemsha lita 200 za maji baridi kwa hita hizo mbili huchukua saa tatu na zaidi. Kwa muda huo wote waya unapata moto ndani ya ngozi yake. Fyuzi ikikatika, haikuleti hasara, inakuambia ukweli. Mwenye kutia msumari amemziba mdomo shahidi.

Jambo la pili wengi hawalijui. Fyuzi na breka hulinda waya, hazimlindi mtu. Umeme wa kumwua mtu ni mdogo sana, haufiki hata ampea moja, na fyuzi ya ampea 13 hautambui kabisa. Maji ya kimea huganda juu ya hita na kuungua, na hita ikiwashwa pasipo maji hupasuka. Ndipo umeme huvuja na kuingia katika pipa. Kinachomwokoa mtu hapo ni vitu viwili: waya wa kwenda ardhini, ule wa kijani na manjano, uliofungwa barabara kwenye pipa lenyewe, na kile kifaa mafundi wanachokiita RCD, ambacho hukata mara moja umeme unaovuja ukifika sehemu 30 za elfu moja za ampea.

Kwa hiyo twadai haya. Hita zisichomekwe tena katika ekstensheni. Hita za wati 6,000 ziwe na njia yao wenyewe kutoka kwenye boksi kuu, yenye breka ya ampea 32, waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, na RCD. Swichi ya kuzima iwe mahali pakavu, karibu na mkono. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, si kijana aliyeokotwa stendi kwa bei ya chai.

Tutaambiwa fedha hakuna. Bei ya breka, waya na kifaa hicho haifiki hasara ya kiwanda kuungua, wala hailingani na baba wa watoto. Tena hatuombi hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi pasipo hatari. Yamruhusu mfanyakazi kuondoka penye hatari kubwa iliyo karibu, akimjulisha msimamizi wake, wala asiadhibiwe. Yakataza pia kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamikia usalama. Na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, yamlazimu mwajiri kuwa na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake.

Lakini tusiwaseme matajiri peke yao. Msumari ule ulitiwa na mkono wa mfanyakazi, kwa hofu ya kupoteza kibarua cha siku. Twaijua hofu hiyo, maana sisi sote tunayo. Hata hivyo, ndugu, kibarua cha siku moja hupatikana kesho, mtu hapatikani. Breka ikikata mara ya pili, usiirudishe. Zima, toka, mwite msimamizi, na siku hiyo hiyo mwambie mjumbe wa chama. Mmoja akikataa msumari, atafukuzwa; tukikataa sote, fyuzi itanunuliwa.