Simu Yako, Siri ya Mwenzako

Mama yangu mdogo hajawahi kumiliki simu ya kupangusa. Anayo ile ndogo ya vibonyezo, kabambe, ambayo huifunga kwenye pindo la leso pamoja na noti zake, na akitaka kumpigia mtu humpa mjukuu amtafutie jina. Hana Facebook. Hayumo katika kundi lolote la WhatsApp. Hajawahi kuposti hata picha ya kuku wake. Lakini mwaka 2019, soko zima la Kathonzweni lilijua ugonjwa wake kabla hajarudi nyumbani kutoka hospitalini.

Alikuwa amelazwa katika hospitali moja nje ya kaunti yetu ya Makueni, mahali ambapo kadi ya matibabu ya kaunti, MakueniCare, ile tuliyoilipia shilingi 500 kwa mwaka kila nyumba, haikuweza kumfaa. Bili ikapanda siku hadi siku. Binamu yangu akafungua kundi la mchango na kutuma picha ili watu waingiwe na huruma: mama amelala chali, mdomo wazi, kitambaa kimeteleza kichwani, mpira wa dripu mkononi. Miguuni pa kitanda ilining'inia faili yake. Ukiikuza picha kwa vidole viwili, jina la ugonjwa lilisomeka herufi kwa herufi. Na watu waliikuza. Mimi mwenyewe niliituma picha hiyo katika makundi mengine mawili, la ukoo na la wale tuliosoma pamoja, nikaandika chini yake, "Tumsaidie mama."

Pesa zilipatikana, mama akapona akarudi. Siku ya soko akaenda kununua nyanya, na mwanamke aliyemuuzia miaka yote akamwekea chenji juu ya meza, hakumpa mkononi. Wiki iliyofuata hakwenda soko. Baadaye hata kanisani akawa anaketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilipomtembelea aliniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, ulinipiga picha lini?"

"Si mimi niliyeipiga, mama."

"Lakini ni wewe uliyeituma."

Nikiwasimulia watu kisa hiki, kuanzia Wote hadi Mwingi, hupewa jibu ambalo sasa nimechoka nalo. Wananiambia: siku hizi kila mtu ajilinde mwenyewe, usichotaka kijulikane usikiposti, anayeanikwa mtandaoni amejianika. Walimu huwaambia wanafunzi hivyo. Mapadri na wachungaji hulihubiri. Hata watu wazima wenye akili zao, wakisikia msichana fulani wa Kabati picha zake zimesambazwa, swali lao la kwanza ni kwa nini alijipiga.

Imani hiyo ni ya uongo, na ninaisema kuwa uongo kwa sababu inamhukumu mtu ambaye hayupo mahakamani. Mama yangu mdogo angefanya nini ili ajilinde? Angekataa kuugua? Angejifunika uso akiwa na homa, hajui aliko? Ushauri wa "usiposti" unamfaa anayeposti pekee, ilhali wengi wanaoumia hawakuposti chochote. Waliowaumiza ni ndugu, majirani, walimu, viongozi, na marafiki wenye nia njema kama mimi.

Tazama mikopo ya simu. Mtu mmoja alipakua programu ya mkopo, akabonyeza "kubali", na programu ikanyakua orodha yote ya namba zilizomo simuni mwake. Aliposhindwa kulipa, alipigiwa simu shangazi yake huko Kibwezi, akapigiwa mwalimu wake wa zamani, wakatukanwa na kutishwa kwa deni wasilolijua. Shangazi huyo hakubonyeza kitu. Namba yake ilikubaliwa na kidole cha mtu mwingine. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Immaculate Kassait, iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine na kuwatumia vitisho. Mwezi huohuo, shule ya Roma ya Uthiru ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu ya Casa Vera shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja aliyekuwa akijiburudisha. Katika mashauri hayo yote matatu, mlalamikaji si aliyeposti. Angejilinda vipi?

Na kama kuna mahali imani hii ilipaswa kufa, ni kwenye ukingo wa mto Enziu. Jumamosi tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya wa Kikatoliki wa Mwingi wakielekea harusini lilijaribu kuvuka mto uliofurika. Zaidi ya watu 30 walikufa. Video ya basi hilo likilemewa na maji ilifika simuni mwangu kabla miili haijaisha kutolewa mtoni. Waliojitosa majini kuokoa watu walifanya ushujaa, na sitaki neno langu liwaguse. Namsema aliyekaa sebuleni kwake, maili nyingi kutoka Mwingi, akaipokea video ile, akaitazama mara mbili, kisha akaituma katika makundi manne akiandika "Mungu wangu". Mimi pia nilianza kuituma. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye jina la kundi la ukoo nilipokumbuka kwamba kundi hilo lina watu wa Mwingi. Ndani ya basi lile mlikuwa na watu waliokuwa wakizama, na kila mmoja ana mama, ana mume, ana mtoto aliyebaki na simu mkononi. Niambieni, katika watu wale, ni yupi aliyejianika?

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba bila picha watu hawachangi. Hoja hii ina uzito na siwezi kuipuuza. Matapeli wameharibu uaminifu: mtu anabuni mgonjwa, anaweka namba ya M-Pesa, anakusanya na kutoweka. Kwa hiyo mchangaji anadai ushahidi, na ushahidi umekuwa mwili wa mgonjwa. Lakini hebu tujiulize picha ile ilithibitisha nini. Picha ya mtu kitandani haithibitishi bili ni ngapi, wala pesa zitamfikia nani. Tapeli anaweza kuichukua leo hii na kuiweka juu ya namba yake mwenyewe, na hivyo ndivyo matapeli wanavyofanya. Kinachothibitisha ni mhazini anayejulikana nyumba yake, orodha ya waliotoa, na pesa kutumwa moja kwa moja kwenye peibili ya hospitali. Wazee wetu waliendesha mwethya, kazi ya kusaidiana, kwa miongo mingi, wakachimba matuta kwenye miteremko ya Mbooni na Kilungu, wakajengeana nyumba, na mjane aliyehitaji kulimiwa shamba hakutakiwa kusimama mbele ya watu avue nguo ili waamini kwamba ni maskini. Ilitosha mzee wa kijiji aseme, "Yule ana shida," na majembe yakaja.

Hoja ya pili husemwa sana Makueni, na inaniudhi kwa sababu inachukua kitu chetu kizuri na kukipindua. Kaunti yetu imesifiwa kwa kushirikisha wananchi, tangu wakati wa gavana Kivutha Kibwana, kuanzia vikao vya kijiji hadi makao makuu. Tumezoea kudai kuona. Sasa mtu akikataa picha yake kutumwa anaambiwa anaficha kitu, hana uwazi. Uwazi unaodaiwa ni wa hesabu za kaunti: barabara imegharimu kiasi gani, dawa zimekwenda wapi, nani alipewa kandarasi. Faili ya mgonjwa si hesabu ya kaunti. Tena cha ajabu ni kwamba tunajua mwanamke fulani wa kijijini amelazwa kwa ugonjwa gani, huku tukishindwa kujua bajeti ya wadi yetu ilitumikaje.

Hapo ndipo wakubwa wanapoingia. Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021, chakula cha msaada kilianza kugawanywa Kitui na Makueni, na kila mfuko wa unga ulikuja na mpiga picha. Nimeona mama wa miaka sabini ameshikishwa pakiti ya unga upande mmoja na kiongozi upande wa pili, wote wawili wanatazama kamera, mmoja anatabasamu. Nimeona wasichana wa darasa la saba wamepangwa mstari, kila mmoja ameinua pakiti ya sodo kifuani, nyuso wazi, jina la shule limeandikwa kwenye ukuta nyuma yao. Nimeona yatima akikabidhiwa hundi ya kadibodi ya basari, na chini yake jina lake lote na kijiji chake. Ukiuliza, utaambiwa walikubali. Mtu mwenye njaa aliyesimama kwenye foleni tangu alfajiri hawezi kukataa kupigwa picha na anayegawa unga. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yenyewe inataka idhini itolewe kwa hiari, tena mtu akijua anaidhinisha nini; na kwa habari za mtoto inataka mzazi au mlezi wake akubali. Picha ya mto uliokauka na mbuzi waliokufa ingeomba msaada vizuri tu bila kumdhalilisha binti wa mtu.

Lakini sitaki kuwasukumia viongozi na makampuni lawama zote, kwa sababu hapo ndipo tunapojificha sisi wengine. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na kinakataza habari za familia yake na mambo yake binafsi kufichuliwa pasipo haja. Shule inaweza kutozwa faini, na klabu, na mkopeshaji. Hata anayesambaza picha za utupu za mwenzake anaweza kufungwa hadi miaka miwili chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018, na wale wanaomuuliza msichana wa Kabati kwa nini alijipiga wangefaa kuisoma. Ila Sheria ya Ulinzi wa Data imeacha nje shughuli za mtu binafsi na za nyumbani kwake. Kamishna hataingia katika kundi la ukoo wetu. Hakuna afisa kutoka Nairobi atakayekuja Kathonzweni kuuliza nani alituma picha ya mama yangu mdogo. Katika eneo hilo ambalo sheria haifiki, hakuna mlinzi mwingine ila mtu aliyeshika simu.

Kwa hiyo mimi sikatai kwamba kuna jukumu la mtu binafsi. Nakataa mahali tulipoliweka. Tumemtwika anayeanikwa, tukamwondolea anayeanika. Wajibu wangu mtandaoni unaanzia kwa watu walio ndani ya simu yangu: nyuso zao, namba zao, vitambulisho vyao nilivyovipiga picha nilipokuwa nikiwasaidia kujaza fomu, sauti zao walizonitumia usiku wakilia. Wameniwekea vitu hivyo kama jirani anavyoweka ufunguo wake kwangu akisafiri. Hakuna aliyeniambia nichonge nakala na kuzigawa.

Sisi ni watu wa hodi. Mtu akifika kwa mwenzake husimama uani, hubisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na asipojibiwa huondoka, hata kama mlango u wazi na moshi unaonekana jikoni. Hata mkwe hapiti mlangoni kabla ya kukaribishwa. Adabu hiyo hatukufundishwa na Bunge. Iweje mtu yuleyule anayesimama juani kungoja "karibu" ya jirani, akipata simu aingie hadi chumbani kwa mgonjwa na kuwafungulia mlango mamia ya watu? Kumpigia mtu simu kumuuliza, "Picha hii naweza kuituma? Kwa nani?" kunachukua muda mfupi kuliko kuichagulia picha maandishi ya huzuni. Na kama mwenyewe hajiwezi, ana mtoto, ana mume, ana dada. Asipopatikana wa kujibu hodi, basi picha haitumwi.

Nilimwomba mama yangu mdogo msamaha. Akanikatia papai, akaniambia nile. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Binamu yangu aliifuta picha ile kundini, nami nikaifuta kwangu, lakini mwaka jana mtu niliyesoma naye alibadilisha simu, akarudisha picha zake za zamani, na akaniuliza, "Huyu mama yenu aliendelea vipi?" Akanitumia picha ileile, faili ikiwa mahali pake.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa ukoo wetu alilazwa. Kundi likafunguliwa tena. Safari hii mhazini, mwalimu mstaafu wa Mbooni, aliandika jina la nyumba anayotoka mzee, kiasi cha bili, na peibili ya hospitali. Hakuweka picha. Haikupita saa moja, mtu akaandika kutoka Mombasa: "Wekeni picha tuone hali yake." Kundi likanyamaza. Tukaona mhazini anaandika, anaacha, anaandika tena.

"Saa za kuwaona wagonjwa ni saa saba mchana," akajibu. "Njoo umwone."