Tiba Ipo: Kwa Nini Maskini Afe?



Wapendwa waamini, tunazika watu ambao hawakupaswa kufa. Mtu wa Mbagala au Tandale anakonda, anatokwa jasho usiku, ubavu wa kushoto unamvimba. Anameza dawa za malaria mara tatu, mara nne. Zikishindwa, jirani anamnong'oneza kwamba amerogwa. Kumbe uboho wa mifupa yake unazalisha chembe nyeupe za damu kupita kiasi, na bandama imejaa. Hii ni saratani sugu ya damu, aina ya mieloidi. Haiambukizi, si laana wala uchawi; huanza pale vinasaba vya chembe moja ya uboho vinapobadilika.

Tangu mwaka 2001 iko dawa, imatinibu, ambayo huuzuia ugonjwa huu. Anayeimeza kila siku aweza kuishi miaka mingi, akifanya kazi na kulea watoto wake. Mwaka 2002 kampuni ya Novartis na shirika la The Max Foundation walianza mpango wa kuitoa bure kwa wagonjwa wa nchi maskini, na Watanzania wamefaidika. Tunashukuru. Lakini tusidanganyike: kinachotolewa kwa hisani chaweza kukatishwa wakati wowote. Makombo hayakumwondoa Lazaro mlangoni.

Wapo watakaosema kwamba taifa maskini haliwezi kugharimia ugonjwa wa wachache. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India ilikataa hataza ya dawa hiyo, na viwanda vya huko vikaendelea kuitengeneza kwa bei nafuu mno. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka miongoni mwa dawa muhimu. Naye Papa Yohane XXIII, katika Pacem in Terris ya 1963, alihesabu matibabu kuwa haki ya kila mtu. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kipimo chake ni mgonjwa huyu wa Mbagala.

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mwenye dalili hizo mhimizeni apimwe wingi wa chembe za damu. Mchangieni nauli, mpeni wa kumsindikiza hadi Muhimbili au Ocean Road. Waulizeni madiwani na wabunge wenu kuhusu dawa. Misa ya wafu tutaiadhimisha. Bali Mungu atatuuliza tulimtendea nini alipokuwa hai.