Mbolea ya kupimiwa: jua kwanza ni kitu kimoja au mchanganyiko

Vijana wengi ninaofanya nao kazi huku Tanga hawanunui mfuko mzima wa mbolea. Mtu ana robo eka ya nyanya, anaingia duka la pembejeo Ngamiani, anapimiwa kilo tano kwenye mfuko ulio wazi, anaondoka. Simlaumu, mtaji ndio huo. Lakini msimamo wangu ni huu: urea ikiwa kavu na muuzaji unamwamini, pimiwa. Mbolea ya kuchanganywa, usipimiwe.

Sababu ni lile somo la kemia la sekondari tuliloliona halina kazi shambani. Kitu "safi" kwenye kemia hakina maana ya kitu kizuri. Ni kitu cha aina moja tu. Salfa ya kupulizia mikorosho ni elementi. Urea ni kampaundi: naitrojeni, kaboni, oksijeni na haidrojeni zimeungana kwa kipimo kisichobadilika. Kila punje ina naitrojeni asilimia 46, iwe ya juu ya mfuko au ya chini. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, basi.

Mchanganyiko ni habari nyingine. Vitu vimekaa pamoja lakini havijaungana, na vikipata nafasi vinaachana. NPK ziko za namna mbili. Kuna ile ambayo kila punje ina virutubisho vyote vitatu. Hiyo haina shida sana. Halafu kuna ya kuchanganywa. Imwage kiganjani: utaona punje nyeupe, za kijivu, pengine na nyekundu. Kila rangi imebeba kirutubisho chake.

Sasa mfuko huo ukitikiswa kwenye lori, punje ndogo zinashuka, kubwa zinabaki juu. Mama yeyote anayeuza mchele anakijua kitu hiki, chenga huwa chini ya gunia. Kwa hiyo kilo tano zako za juu si zile namba zilizoandikwa kwenye mfuko. Mwenzako atakayepimiwa za chini naye hapati hizo namba. Mche mmoja unapata naitrojeni tupu, wa pili potashi tupu, halafu lawama anabebeshwa muuza mbegu.

Wapo watakaosema mfuko mzima ni ghali. Sawa, changeni watu watano. Nunueni uliofungwa, wenye lebo ya mbolea iliyosajiliwa na TFRA, na mdai risiti. Umwageni wote kwenye turubai kavu, geuzeni kwa koleo mara kadhaa, ndipo mgawane.

Jambo la mwisho, acheni kuchanganya urea na CAN na kuiweka stoo. CAN yenyewe ni mchanganyiko, amonia naitreti na mawe ya chokaa yaliyosagwa. Ikikutana na urea inavuta unyevu wa hewani, na kwa hewa yetu ya pwani utakuta uji. Na kwenye bei, usilinganishe mfuko kwa mfuko. CAN ya asilimia 26 ina kilo 13 tu za naitrojeni kwa kilo 50. Gawanya bei kwa kilo za naitrojeni, ndipo utajua ipi rahisi.

Kilimo biashara ni hesabu, na hesabu inaanzia kujua kilichomo ndani ya mfuko.