Uwanja wa ndege: kompyuta yako isitoke mbele ya macho

Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe Januari 2025, wengi wetu tunaosafiri kwa ndege tunazungukia Kigali. Kwa familia iliyokimbia vita, kompyuta ya mkononi si pambo. Ndani yake kuna diploma za watoto, picha za marehemu na karatasi za shamba.

Wengi wanaogopa mtambo wa kukagua mizigo, eti unafuta kila kitu. Hapana, mionzi yake haifuti kompyuta. Hatari ni kuibiwa, kuanguka, ao kuchukuliwa na mtu mwenye mashine inayofanana na yako. Miaka iliyopita, katika uwanja mmoja, nilimuona mama akisimamishwa apekuliwe huku kompyuta yake ikitangulia upande wa pili. Alipofika, sahani ilikuwa tupu.

Kwa hiyo usiisukume mbele kabla zamu yako ya kupita haijafika. Bandika jina lako juu yake. Iwe na chaji, maana unaweza kuombwa uiwashe. Karatasi za maana zinakili kwenye fleshi, umuachie ndugu unayemuamini.

Lakini mzigo huu si wa msafiri peke yake. Askari anayemsimamisha mtu amuache aone mali yake. Ukisimamishwa, sema kwa heshima: "Shefu, naomba mashine yangu ikae hapa ninapoiona." Kuomba hivyo si ukaidi, ni haki yako.